Kwa nini kuzunguka visiwa vya Shelisheli kunagharimu kiasi hiki? Fedha hiyo inakwenda wapi?

1. MsomaRamani

Wakuu, salaam. Mimi na mwenzangu tunapanga mapumziko ya kuadhimisha ndoa yetu, na tumekusudia kuizunguka Shelisheli kisiwa baada ya kisiwa: tuanze Mahé, tupite Praslin na La Digue, kisha tumalizie katika kimojawapo cha vile visiwa vya binafsi vyenye hoteli moja tu. Fedha tumeitenga, kwa hiyo siombi njia za kubana matumizi. Ninachoomba ni ufafanuzi.

Kila nikipitia bei naona kwamba zinapanda kadiri mahali panavyopungukiwa na vitu. Kisiwa kisicho na mji, duka wala barabara ndicho kinachotoza kuliko vyote. Unakuta visiwa viwili vinatazamana, vina mchanga uleule na mawe yaleyale, lakini usiku mmoja wa kile kidogo unalingana na wiki nzima ya kile kikubwa. Dai langu ni kwamba mgeni hapa analipia jina na upweke, na kwamba starehe yenyewe ni sehemu ndogo sana ya ankara. Waliofika huko au wanaoijua biashara hii wanieleze wanavyoona.

2. MhesabuVitabu

Mkuu, upweke unaoutaja una gharama zake, tena gharama za kawaida kabisa. Nchi kavu yote ya Shelisheli ukiijumlisha haifiki kilomita za mraba 500, nayo imetawanyika katika eneo la bahari linalokaribia kilomita za mraba milioni 1.4. Wakazi ni takriban laki moja. Chakula kingi kinatoka nje ya nchi, mafuta yote yanatoka nje, na kila kitu hupokelewa kwanza katika bandari ya Victoria kabla ya kupakiwa upya kwenda visiwa vingine.

Sasa chukua kisiwa chenye hoteli moja. Hakuna nguzo ya umeme inayotoka Mahé, kwa hiyo hoteli ina jenereta zake na ya akiba. Hakuna bomba la maji, kwa hiyo ina mtambo wa kuchuja chumvi kutoka maji ya bahari, na mtambo huo hula umeme mchana na usiku. Wafanyakazi hawawezi kurudi nyumbani jioni, kwa hiyo wanajengewa nyumba, wanapewa chakula na kusafirishwa wakati wa likizo. Bomba likipasuka, fundi anakuja kwa boti au kwa helikopta. Vyumba vya kubeba mzigo huo wote ni vichache. Gawanya, utaipata bei. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya fedha yako itaishia kwenye dizeli.

3. BintiNahodha

Ndugu MhesabuVitabu, maelezo yako yanatosha kwa upande wa hoteli, ila muulizaji anazungumzia kuzunguka, na kuzunguka kuna bei yake. Kutoka Mahé hadi Praslin kuna boti kubwa ya mwendo kasi inayochukua takriban saa moja, na kuna ndege ndogo inayotumia kama robo saa. Kutoka Praslin hadi La Digue ni boti ya robo saa hivi, kwa sababu La Digue haina uwanja wa ndege. Ukitaka kwenda Fregate au North unatafuta boti maalumu au helikopta, na hapo unalipia chombo kizima. Abiria wa kila siku katika njia hizo hawatoshi kuleta washindani wengi, kwa hiyo nauli inabaki pale walipoiweka wenye vyombo.

Nawaomba pia msiidharau bahari ile. Nilivuka kwenda Praslin mwezi wa Agosti, kusi ikiwa imekaza. Wahudumu walianza kugawa mifuko ya karatasi kabla hatujaacha hifadhi ya visiwa vya karibu na bandari, na abiria waliokuwa wamewahi viti vya mbele kwa ajili ya mandhari wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja, wakishika migongo ya viti vya wenzao. Aliyepanda ndege siku ile alistahili kila senti aliyotoa. Kwa wanaopanda boti: kaeni sehemu ya chini, katikati au nyuma, mtazame upeo wa bahari, na msisome simu.

4. Shuwari

Wote wawili mmesahau jambo kubwa zaidi, nalo ni uamuzi wa serikali. Shelisheli haikutaka kamwe kuwa nchi ya watalii wengi wa bei ndogo. Mwaka 2015 ilisimamisha vibali vya hoteli mpya kubwa katika visiwa vikuu. Kupiga kambi hakuruhusiwi, na mgeni hupaswa kuwa na idhini ya kusafiri iliyoombwa mtandaoni pamoja na mahali pa kulala palipothibitishwa kabla hajafika. Tangu Agosti 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila mgeni kwa kila usiku. Vyumba vikiwa vichache kwa makusudi, bei hupanda hata kama dizeli ingekuwa bure.

Nami naunga mkono sera hiyo. Nchi yenye watu laki moja haiwezi kupokea mamilioni ya wageni ikabaki na fukwe zile zinazowavuta.

5. MzeeWaMaleleji

Mwanangu Shuwari, sera ipo, lakini tozo uliyoitaja usiitwike mzigo usio wake. Ni rupia 25 kwa malazi madogo, rupia 75 kwa ya kati, na rupia 100 kwa hoteli kubwa, mashua za kukodi na hoteli za visiwani. Hata ile ya juu haiwezi kueleza bei ya kisiwa cha binafsi. Watoto wa chini ya miaka 12 hawatozwi.

Kwa muulizaji, la kwanza kuamua ni upepo, bei ifuate. Kusi inavuma kuanzia Mei hadi Oktoba. Hali ya hewa ni kavu na ya kupendeza nchi kavu, lakini bahari inachafuka na mwani hujaa katika fukwe zinazoielekea. Kuanzia Desemba hadi Machi ni majira ya kaskazi, yenye joto na mvua nyingi, hasa Januari. Aprili na Novemba ni maleleji. Upepo unalegea, maji yanakuwa safi, na boti inavuka bila kumsumbua mtu. Anayezunguka visiwa apange safari yake hapo kama ana hiari.

6. Mlinda_Mwamba

Shikamoo Mzee. Naongeza jambo moja kuhusu kaskazi, kwa manufaa ya wanaochagua ufukwe kwa kutazama ramani. Kwetu sisi wa pwani ya bara upepo huo hutoka kaskazini-mashariki, lakini visiwa vikuu vya Shelisheli viko takriban nyuzi nne na nusu kusini ya ikweta, na upepo ukishavuka mstari hupinda ukawafikia kutoka kaskazini-magharibi. Kwa hiyo Desemba hadi Machi mawimbi hupiga Beau Vallon kule Mahé na Anse Lazio kule Praslin, fukwe ambazo wakati wa kusi ndizo tulivu. Grand Anse ya La Digue ni kinyume chake. Kusi ikivuma, mkondo wa pale humvuta mtu nje kwa nguvu, na mabango ya kukataza kuogelea yamewekwa kwa sababu nzito.

7. MzeeWaMaleleji

Marahaba. Umenena sawasawa. Hiyo ndiyo sababu mgeni anayelala mahali pamoja kwa muda wote hulalamika, na anayehama hupata angalau upande mmoja wenye utulivu.

8. MpendaKobe

Salaam kwa wote. Nimesoma kuhusu dizeli, boti na sera, na hakuna aliyemtaja panya.

Kisiwa kidogo kinachovutia kwa ndege na kasa hubaki hivyo kwa sababu hakina panya wala paka, au kwa sababu wameondolewa kwa kazi kubwa. Fregate iliingiliwa na panya miaka ya 1990, wakati ndicho kilichokuwa ngome ya ndege mmoja mweusi mwenye mabaka meupe mabawani, ambaye alikuwa karibu kutoweka duniani. Ilibidi kisiwa kizima kisafishwe, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2000. North nacho kilisafishwa. Baada ya hapo kila kreti ya mboga, kila gunia la saruji na kila sanduku la mgeni lazima likaguliwe, kwa sababu panya jike mmoja mwenye mimba anatosha kuharibu kazi ya miaka. Wanaofanya ukaguzi huo ni watu wa kulipwa, na hawaonekani katika picha za matangazo.

Mtazame Cousin kwa macho yenu. Kisiwa hicho kilinunuliwa mwaka 1968 na baraza la kimataifa la kuhifadhi ndege, wakati kikiwa shamba la minazi, ili kumwokoa ndege mmoja mdogo ambaye idadi yake ilikuwa imebaki makumi machache tu. Leo ndege huyo anahesabika kwa maelfu, na amepelekwa Aride, Cousine, Denis na Fregate. Boti inayokuleta kutoka Praslin hairuhusiwi kugusa ufukwe. Inasimama mbali kidogo, walinzi wanakuja na mashua yao ambayo haitoki kisiwani, mnahamia humo na viatu mkononi, kisha mwendesha mashua anasubiri wimbi, anaongeza mwendo na kuipandisha moja kwa moja hadi mchangani. Vyombo viwili na watumishi wa pande mbili, kwa matembezi ya asubuhi moja. Ukishuka unakuta ndege weupe wa baharini wameliweka yai lao moja juu ya tawi tupu, bila kiota, mahali ambapo unaweza kulifikia kwa mkono. Usiliguse. Kwa hiyo, ndugu MsomaRamani, sehemu ya fedha yako inakwenda kumzuia panya.

9. MsomaRamani

Nashukuruni nyote. Hili la panya sikulitarajia. MpendaKobe, unataka kusema kwamba hoteli ya kifahari ndiyo inayogharimia uhifadhi?

10. MhesabuVitabu

Kabla hajajibu, niweke pingamizi. Cousin aliyoieleza kwa uzuri haina hoteli hata moja. Inaendeshwa kama hifadhi, inapokea wageni wa mchana tu, nao hulipa kiingilio. Aride vilevile ni hifadhi ya wageni wa mchana. Kama panya wanaweza kuzuiwa bila vyumba vya kifahari, basi panya hawawezi kuwa sababu ya bei ya vyumba hivyo. Nabaki kwenye dizeli.

11. MpendaKobe

Kaka, Cousin ilinunuliwa kwa fedha za wahisani, na ni kisiwa cha hekta zisizofika thelathini. Denis, Fregate na North ni vikubwa zaidi na vina wamiliki. Mmiliki ana njia chache za kupata fedha ya kung'oa mimea vamizi na kupanda ya asili: arudi kwenye minazi na kopra, ambayo soko lake lilikwisha kufa, au apokee wageni wachache wanaolipa sana. Sisemi kwamba kila shilingi ya mgeni inafika msituni. Ninachosema ni kwamba bila mgeni huyo msitu ule ungekuwa bado shamba la minazi lililotelekezwa lenye panya.

12. MweleaWaItale

Nina masahihisho kwa chapisho la kwanza, pale panaposema visiwa vina "mchanga uleule na mawe yaleyale". Havina. Mahé, Praslin na La Digue ni vya itale (graniti) yenye umri wa takriban miaka milioni 750, kipande cha bara la kale kilichobaki katikati ya bahari baada ya India kujitenga na kwenda zake kaskazini. Visiwa vya bahari kuu karibu vyote duniani ni vya volkano au vya matumbawe, na ndiyo maana wanajiolojia huitaja Shelisheli kila mara. Silhouette na North vimetokana na volkano, na miamba yake ina umri wa miaka zaidi ya milioni 60, yaani ni vichanga ukivilinganisha na jirani zao. Denis na Bird ni vya matumbawe, tambarare, na vivyo hivyo Desroches na Alphonse vilivyo mbali zaidi.

Hili linagusa gharama. Kisiwa cha itale kina mlima, mlima unakamata mawingu, na mawingu yanaleta vijito. Morne Seychellois kule Mahé unafika mita 905. Kisiwa cha matumbawe hakina kijito, kwa hiyo maji hutoka kwenye mtambo. Vilevile kisiwa tambarare kina nafasi ya njia ya ndege, wakati kile cha mlima kinahitaji boti au helikopta.

13. BintiNahodha

Dokta MweleaWaItale, tukikuuliza nauli unatupeleka miaka milioni 750 nyuma, na bado tunakusoma hadi mwisho. Ila Fregate ni cha itale na kina njia ya ndege, kwa hiyo kanuni yako ina tundu.

14. MweleaWaItale

Dada, Fregate kina uwanda mdogo wa pwani, nao ndio ulioruhusu njia hiyo. Praslin pia ina uwanja wake kwenye uwanda. Kanuni inabaki, tundu nalo limeonekana.

15. Tumbili_wa_Bahari

Nimechelewa kufika. Je, kwa nini msifikirie Maldivi? Kule kuna visiwa karibu 1,200, kila hoteli ina kisiwa chake, na kwa bei ileile unapata chumba juu ya maji. Kwa anayetaka kuhama kisiwa hadi kisiwa, mimi naona ndiko kunakofaa.

16. Shuwari

Chumba juu ya maji ni kweli, ila kuhama ndiko kunakosumbua kule. Safari nyingi za wageni wa hoteli huanzia na kuishia Malé, na ndege za majini huruka mchana tu. Ukitaka kutoka hoteli moja kwenda nyingine, mara nyingi unarudishwa Malé kwanza, na siku inakwisha. Mpango wa kisiwa kimoja kwa hoteli moja ulianza na utalii wao mwaka 1972, na umejengwa ili mgeni akae mahali pamoja. Tangu 2009 nyumba za wageni zimeruhusiwa katika visiwa vinavyokaliwa na wananchi, na hapo kuna boti za umma, lakini hiyo ni safari ya aina nyingine. Kwa anayetaka kuona visiwa vinavyotofautiana kwa sura, Shelisheli haina mpinzani wa karibu.

17. Tumbili_wa_Bahari

Nimekuelewa, ingawa kwa mzamiaji wa matumbawe bado ningesema Maldivi. Shelisheli nilikuta samaki wengi, kasa na papa wadogo, lakini matumbawe yenyewe yalikuwa yamevunjika.

18. Mlinda_Mwamba

Ulichokiona kina historia. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na katika visiwa vya ndani vya Shelisheli zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalikufa. Baadhi ya miamba ilirudi, mingine ikageuka mashamba ya mwani, kisha 2016 joto likaja tena. Maldivi nao walipigwa miaka hiyohiyo, kwa hiyo usiwape sifa ya kuepuka. Mzamiaji wa visiwa vya ndani atazame mabonge ya itale yanayoshuka chini ya maji. Katika mianya yake wanajificha pweza, kamba wakubwa na makundi ya samaki wekundu, na pale mwanga unapopenya kati ya mawe mawili utakaa hadi hewa ikuishie. Mwaka 2020 nchi ilifikisha asilimia 30 ya bahari yake chini ya ulinzi, kwa mpango uliohusisha kubadilisha sehemu ya deni la taifa. Hilo nalo linahitaji boti za doria, na naliongeza katika orodha ya mahali fedha inapokwenda.

19. Safari_na_Mama

Samahani kwa kugeuza mazungumzo kidogo. Nilisoma kwamba Shelisheli hupigwa na vimbunga na kwamba papa waliua watu huko. Mama yangu ni mtu mzima, nataka kumpeleka, nami nina hofu.

20. MzeeWaMaleleji

Binti, visiwa vikuu viko karibu mno na ikweta kwa kimbunga kupita juu yake kwa kawaida. Visiwa vya mbali kusini ndivyo vyenye hatari hiyo, kama Farquhar kilivyoharibiwa na kimbunga Fantala mwezi Aprili 2016. Mahé hupata mvua kubwa na maporomoko ya udongo, basi chagua maleleji. Kuhusu papa, watu wawili waliuawa Anse Lazio mwezi Agosti 2011. Matukio ya namna hiyo ni nadra sana huko, na baada ya hapo nyavu za kinga ziliwekwa katika ufukwe huo. Mpeleke mama. La Digue mkodishieni gari dogo la umeme, asipande baiskeli kwenye kilima cha kwenda Grand Anse. Anse Source d'Argent aoge maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakitoka yanabaki ya magotini na miamba huumiza miguu.

21. Jina_Halivumi

Mmezunguka sana ilhali jibu la muulizaji alilitoa mwenyewe: jina. Mwaka 2011 Prince William na mkewe waliripotiwa kufanya fungate yao North Island, na dunia nzima ikakisoma kisiwa ambacho hadi wakati huo kilijulikana na wachache. Panya walikuwapo na dizeli ilikuwapo kabla ya hapo. Bei hupangwa na anayeitamani picha ile.

Isitoshe, fukwe zote za Shelisheli ni mali ya umma kisheria. Ufukwe hauuzwi. Kinachouzwa ni ugumu wa kuufikia. Anse Georgette kule Praslin ni mfano mzuri: kwa nchi kavu unapita ndani ya eneo la hoteli, na usiyelala hapo unapaswa kuomba nafasi mapema.

22. BintiNahodha

Au unafika kwa boti na kuogelea hadi mchangani, bahari ikiruhusu. Hapo ndipo napendekeza njia ambayo hakuna aliyeitaja: kukodi katamarani ya kulala humo pamoja na nahodha na mpishi. Zinaondokea Mahé, zinatia nanga Sainte Anne, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu 1973, kisha Curieuse, Praslin, La Digue na visiwa vidogo vya karibu. Chumba chako kinahama pamoja nawe, hupangi na kupangua sanduku kila siku. Mkigawana watu wanane, gharama inashuka chini ya hoteli nyingi za visiwani. Beba begi laini linalokunjika, kwa sababu sanduku gumu halina pa kuwekwa. Safari niliyofuatana nayo, kampuni iliyotukodisha ilikuwa imeahidi mashine ya maji baridi ambayo haikufanya kazi hata saa moja, basi kagueni chombo kabla hamjasaini.

Curieuse mshuke asubuhi. Kobe wakubwa wanatembea huru, na wapo wanaolala katikati ya njia kiasi kwamba inabidi uwazunguke. Ukimkuna kobe chini ya shingo, anajiinua kwa miguu yote minne na kunyoosha shingo, anatulia hivyo akingojea uendelee.

23. Safari_na_Mama

Na Aldabra je? Nasikia kobe wako wengi zaidi. Katamarani inaweza kutupeleka?

24. MpendaKobe

Kobe wa Aldabra ni takriban laki moja, na kisiwa ni urithi wa dunia tangu 1982. Lakini kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, hakina hoteli wala njia ya ndege, na hakuendwi bila kibali. Wageni hufika kwa meli za safari maalumu, na wengi hushindwa kushuka hali ya bahari ikiwa mbaya. Katika safari kama yenu, badala yake nendeni Vallée de Mai kule Praslin, urithi wa dunia tangu 1983, bonde la hekta chini ya ishirini ambamo mnazi wa coco de mer unaota porini. Mbegu yake ni kubwa kuliko ya mmea wowote duniani, hufika hata kilo 25, na mti huo kwa asili hupatikana Praslin na Curieuse tu. Nendeni siku yenye upepo kidogo. Majani makubwa yanagongana juu kwa kishindo cha mbao, na mara kwa mara kasuku mweusi hulia mahali usipomwona. Ukitaka kununua mbegu, dai cheti cha serikali, kwa sababu bila hicho itazuiliwa uwanja wa ndege na wewe utakuwa na maelezo ya kutoa.

25. MhesabuVitabu

Narudi kwenye hoja. Jina_Halivumi anasema jina, Shuwari anasema sera. Mimi naongeza fedha ya kigeni. Mwaka 2008 Shelisheli ilishindwa kulipa madeni yake ya nje, na Novemba mwaka huo ikaiachia rupia ipangiwe thamani na soko, ikaporomoka vibaya. Tangu hapo hoteli nyingi zinapanga bei kwa yuro, kwa sababu dizeli, mashine na chakula hununuliwa kwa fedha za nje. Rupia ikipanda au ikishuka, mgeni haoni tofauti, isipokuwa anaponunua samaki sokoni au kupanda basi.

26. Shuwari

Ndugu, hiyo inaeleza bei imeandikwa kwa fedha gani, haielezi kwa nini ni kubwa. Na kama tatizo ni dizeli, visiwa kadhaa vimekwisha kufunga mitambo ya umeme wa jua. Nionyeshe kimoja kilichopunguza bei baada ya hapo.

27. MsomaRamani

Nimeandika yote pembeni. Tumehamishia safari Novemba, tumeongeza Cousin na Curieuse, na mwenzangu sasa anataka katamarani kuliko kisiwa cha binafsi. Tunafikiria kufanya yote mawili, kisiwa kije mwisho, turuke moja kwa moja kutoka huko hadi Mahé na kuunganisha ndege ya kurudi siku hiyohiyo.

28. BintiNahodha

Msifanye hivyo. Kisiwa kiwekeni mwanzo au katikati, na usiku wa mwisho mlale Mahé. Helikopta na ndege ndogo huahirishwa wingu likishuka, na ndege ya kimataifa haitawangoja.

29. MhesabuVitabu

Shuwari, betri na paneli zinanunuliwa kwa yuro hizohizo, zinakuja kwa meli hiyohiyo, na hewa ya chumvi inazila. Mkopo wake unalipwa kwa miaka mingi kabla bei haijaguswa. Boti na helikopta bado zinakunywa mafuta. Nipatie mahesabu ya kisiwa kimoja chochote, mstari kwa mstari, tuyapitie hapa.

30. Shuwari

Hayo mahesabu hayachapishwi na wamiliki, kaka, ndiyo maana wewe unasema dizeli na mimi nasema uchache wa vyumba.